Alama ya muguu yenye mukia, na kile niliona kwa mashini ya Faila hapa Baraka

Jambo yenu wakuu wote wa humu.

Mi ni muzee wa Baraka, Fizi, upande wa Congo. Shule niliacha mwaka wa pili ya primeri, kwa hiyo Kiswahili yangu muisome vile iko. Naandika na kidole kimoja. Kile nitasema nilikiona na hii macho yangu, na fasi yenye mi mwenyewe nilikosa, nitasema nilikosa.

Lakini muniache kwanza nianze na mbuzi.

Zamani tulikuwa tunakaa Lweba, nikiwa kijana mwenye kutafuta bibi. Tulikuwa tumesha kupatana na wazazi ya binti, na padri amesha kutupatia siku. Alikuwa anataka tu karte yangu ya ubatizo. Mama alikuwa ameificha chini ya mukeka juu ya kuogopa panya.

Panya haikuiguza. Mbuzi njo iliingia nyumba, ikaikula.

Ikakula jina yangu, ikakula jina ya baba, ikakula na kashe ya parwasi, ile parokia yetu. Kulibaki kipande kama kucha ya kidole. Mama analia, baba anacheka. Padri yeye hakucheka. Akasema bila karatasi hakuna ndoa, niende Baraka kwa katekista mwenye kutunza kitabu, anipe ingine.

(Ile mbuzi njo tulikula siku ya ndoa. Kwa hiyo wakuu, mi nilikula ubatizo yangu mwenyewe, na ndizi.)

Kufika Baraka, katekista akaandika karte mupya vizuri, lakini kashe yake ilikuwa imepasuka katikati. Kashe, ninyi wengine munaita muhuri. Akanituma nyuma ya soko kwa muzee mumoja mwenye kuchonga.

Nikamukuta amekaa chini, ameshika kisigino ya kandambili ya mupira na nusu ya wembe. Anachonga herufi kinyume, juu ukipiga kwa karatasi itoke sawa. Nikasimama pale mpaka jua ikageuka.

Akaniuliza: «We kijana, unaangalia nini?»

«Naangalia vile unaandika nyuma-mbele.»

«Leta mukono.»

Akanipa kipande ya mupira. Nikachonga N. Akaipiga kwa karatasi, ikatoka N.

«Ulisoma wapi?»

«Sikusoma sana, muzee.»

«Njo maana. Bale balisoma banashindwa kugeuza.»

Ndoa nilifunga, na kisha ndoa nikarudi kwa ule muzee. Kazi yangu ikakuwa ile miaka mingi. Nimechongea makanisa, mashirika ya balimaji, mashule, bachef ba mitaa. Herufi ikiwa sawa naisoma polepole kama mutu anavuka muto. Ikiwa kinyume naisoma mbio.

Sasa kashe iko na jambo moja. Wembe ukiteleza, mupira hairudi.

Siku moja nilikuwa nachongea shirika ya balimaji ba Lubondja. Nimefika kwa ile O ya LUBONDJA, inzi ikanikaa kwa jicho, wembe ikateleza. O ikaota mukia, ikakuwa Q. Nikaona. Nikajiambia, nani ataona? Nikabapatia.

Mwaka ikapita. Nikakutana na barua ya ile shirika, imeandikwa na mukono ya sekretere wao. Ameandika «Lubqndja». Juu, chini, kila fasi. Namuuliza, ananijibu: «Muzee, njo vile iko kwa kashe.»

Nikasikia haya. Nikachonga ingine muzuri, nikapanda nayo Lubondja bure, niwabadilishie. Prezida wao akakataa kabisa! Akasema: «Hii yenye mukia njo inajulikana. Ukiondoa mukia, bantu batasema sisi ni shirika ya uongo.»

Huku kwetu kashe iko na nguvu kuliko mwalimu, wakuu.

Haya, sasa tuje kwa Faila.

Faila ni binti ya ndugu yangu mudogo, mwenye alikufa. Ananiita baba mukubwa, na mi namuita mama. Alisoma istwari, ni kusema historia, kule Uvira mpaka akamaliza, akarudi Baraka na diplome yake, akakosa fasi ya kuiweka. Kisha akapata kazi moja kwa internet, kazi ya ajabu.

Kuna bantu ba zamani sana, banaitwa Baluwi, balikuwa banakaa upande wa Turkia na Siria. Balikuwa banaandika na mapicha: kichwa ya ngombe, sungura, mukono, muguu. Kuna picha moja ya mutu anajinyoshea kidole yeye mwenyewe, na maana yake ni «mimi». Nilicheka sana. Kumbe ata bale ba zamani kila barua ilianza na mimi, mimi, mimi.

Sasa kuna bantu ba inchi mbalimbali banatia zile alama ndani ya mashini. Kila alama inapewa numero yake, moja tu, ili telefone yoyote ikiona ile numero ijue: hii ni muguu, hii ni sungura. Bila numero, alama haiwezi kutumwa wala kutafutwa. Ni kama mutu asiye na karte, anaishi lakini haandikwe fasi yoyote.

Kazi ya Faila ilikuwa kuangalia mafoto ya mawe na ya udongo, kuchora kila alama safi kwa mashini, na kusema inaenda kwa numero gani. Alikuwa angali anajaribiwa. Balikuwa batatu banajaribiwa, yeye hapa, bale wengine inchi zingine, na kulikuwa fasi ya mumoja tu. Mwenye kuamua ni Madame mumoja, mkubwa wao, mi nilikuwa namusikia tu sauti kwa mashini.

Faila alikuwa anatumikia ndani ya chumba ya Alunga. Alunga ni mutu wa tumbo kubwa mwenye paneli za jua, anakodisha internet na kuchaji matelefone. Meza yangu ya kashe ilikuwa mbele ya mulango yake. Mvua ikinyesha naingia mule na wembe yangu, na Alunga hachoki kunichokoza.

«Papa Kashe, usiguze ile mashini, itatoka kinyume!»

Mimi namujibu: «Tumbo yako njo ilitoka kinyume, ilipaswa kuwa mugongo.»

Njo maisha yetu ya wakati ule.

Siku moja, ilikuwa kati ya juma, Faila akaniita na furaha. Sijawahi kumuona vile tangu baba yake afariki.

«Baba mukubwa, kuja uone. Nimepata alama yenye haiko na numero!»

Nikaangalia. Ni foto ya kibonge ya udongo, kidogo kama kifungo ya koti. Bale Baluwi balikuwa banafunga mizigo na kamba, banaweka udongo kwa fundo, banapiga kashe juu. Kwa kweli wakuu, nilisikia roho inaruka. Kashe! Ya mviringo, na duara pembeni, kama zangu.

Katikati kuna muguu. Na kwa kisigino ya ule muguu kunatoka kamustari kembamba, kanashuka pembeni kama mukia.

Faila akanielezea. Muguu bila mukia iko na numero tangu zamani. Lakini bale bantu balikuwa na desturi ya kuongeza kamustari chini ya alama zingine, na sauti inabadilika. Kwa hiyo kamustari si muchezo. Muguu yenye mukia hakuna mutu aliwahi kuiandika. Ikikubaliwa, itapewa numero, na jina ya mwenye kuileta itawekwa kwa dosie, faili yake.

«Madame amesema nilete dosie kesho, siku ya ine. Nikileta hii, ile fasi ni yangu.»

Mi nikainama kwa foto. Nikaangalia ule mukia. Unaanza munene kwa pembe ya kisigino, unaenda unakonda, unakonda, mpaka unavuka duara ya pembeni na kufia inje.

Nilipaswa kunyamaza, labda. Lakini mudomo ya muzee ni kama mulango ya Alunga, haifungi.

«Mama, hii si alama. Wembe iliteleza.»

«Wembe gani?»

«Sijui balikuwa na wembe gani. Lakini fundi akichonga kamustari kwa kupenda, anasimamisha wembe, anakata mwisho. Mwisho inakuwa na mabega, kona mbili. Hii haina mabega. Hii ni mukono ilikimbia. Na ona, imekata ata duara. Nani anachonga herufi itoke inje ya kashe?»

Alunga akacheka nyuma yetu: «Hee! Papa Kashe amemupata fundi mwenzake!»

Faila hakucheka. Lakini mutoto yule iko na mayele, akili nyingi.

«Baba mukubwa, na Lubondja? Si we mwenyewe ulituambia? Mukia iliteleza, lakini bantu bakaikubali, bakaiandika. Basi ikakuwa herufi ya kweli kwao. Na hawa je, kama fundi aliteleza mara moja, kisha wengine bakafuata?»

Kweli, alinishika na maneno yangu mwenyewe.

Akaongeza: «Tena niko na mashahidi wawili. Kanuni yao inasema alama mupya lazima ionekane fasi mbili. Ona, hii ya pili.»

Akafungua foto ingine. Kibonge ingine ya udongo, imevunjika nusu, na muguu wake ni mwembamba zaidi, umeinama. Na mukia iko pale, kwa kisigino.

«Wembe haiteleze fasi moja mara mbili, baba mukubwa.»

Nikasema sawa. Nikatoka. Nilikubali kabisa kama nimeshindwa, na nilifurahi kushindwa. Nikamuambia ata bibi yangu nyumbani, Faila amepata alama.

Kesho yake njo siku ya ine yenyewe. Mvua ya asubui ikanisukuma ndani tena. Faila anamalizia dosie, na zile foto mbili amezipanga pembeni kwa pembeni. Mi niko nyuma yake nanywa chai. Naangalia tu, vile mutu anaangalia ziwa.

Macho yangu ikaenda kwa duara. Pembeni ya vidole vya muguu, ile duara iko na pengo. Kapengo kadogo, kama fasi ya jino iliyong'oka. Naangalia ile foto ya pili: fasi ileile, vidole vileile, pengo ileile.

Nikaweka chai chini.

«Faila.»

«Nasikia.»

«Hawa si wawili.»

Akageuka polepole. «Kwa nini si wawili? Moja ni munene, moja ni mwembamba. Ata mafoto zinatoka kwa makaratoni mbalimbali.»

«Vibonge ni viwili. Kashe ni moja. Ona pengo.»

«Lakini muguu si sawa!»

Sikujua kumuelezea na maneno. Kwa bahati Alunga alikuwa amesha kuletewa bugali yake, imefunikwa. Nikafunua.

«We muzee! Iyo chakula yangu!»

«Nakopa upande.»

Nikachukua kashe moja kwa mufuko yangu, nikaipanguza wino, nikaipiga ndani ya bugali sawasawa. Kisha nikaipiga mara ya pili, lakini nimeinamisha mukono. Nikamuambia Faila aangalie. Ya kwanza herufi ni nene. Ya pili zimebanana, nyembamba, zimeinama. Kashe ileile, mukono uleule, bugali ileile.

Alunga akaangalia chakula yake imeandikwa jina ya kanisa. «Sasa nitakula namna gani? Nitaungama kwanza?»

Nikasema: «Ni shahidi mumoja amesema mara mbili, mama. Fundi aliteleza mara moja tu. Kisha mwenye kashe akapiga, akapiga.»

Faila akasimama. Na pale akanipa neno yenye sitasahau, na aliinena na heshima yote, njo maana iliuma.

«Baba mukubwa. Kashe ngapi za biro ya serikali ulichonga, na we hauko biro? Leo we njo wa kunifundisha ukweli?»

Alunga akajifanya anapanga nyaya.

Wakuu, niliwaambia nitasema fasi nilikosa. Ni hapa.

Nilichonga, ndiyo. Si moja. Kuna mufanya biashara alikuwa anashusha ngombe kutoka Bibokoboko, na kila kundi ilihitaji karatasi yenye kashe ya biro fulani, ni kusema ofisi. Biro ilikuwa mbali na yeye alikuwa na haraka. Akaniletea mufano kwa karatasi, nikachonga, ikatoka kama mapacha. Alitumikisha miezi mingi.

Kile kilitushika ni pengo. Mwenye kukagua alipanga makaratasi mingi kwa meza, kila moja inasema imetolewa siku mbalimbali na wakubwa mbalimbali, lakini R ya kila moja iko na pengo fasi moja, na kashe ya biro yenyewe haikuwa na pengo ile. Akacheka. Kisha akauliza nani anachonga hapa Baraka. Nilikuwa mi peke yangu.

Kashe ikanipeleka kasho, gerezani. Siku ine, na maji ya mvua inaingia chini ya mulango. Na kisha kutoka, nitasema ukweli wote, niliendelea. Si sana. Lakini niliendelea, na mutaa yote inajua, na Faila alikulia ndani ya ule mutaa.

Basi nikamujibu kile kilikuwa ndani ya roho.

«Kweli, mama. Njo maana ninajua pengo.»

Akakaa. Akashika kichwa. Mvua ilikuwa imepunguka, unasikia bamama ba lengalenga, bale ba kuuza mboga, banafunua biloko yao kwa soko.

Akasema polepole, hakuwa ananiangalia: «Madame hajaona. Amepita kwa mafoto mingi, hajaona. Nikituma vile iko, nani ataona?»

Nani ataona. Neno yangu ya Lubondja, kwa mudomo ya mutoto ya ndugu yangu. Nilitaka kusema kitu, nikaona sina haki ya kukisema. Nikanyamaza. Alunga alisema kesho yake, ati ni mara ya kwanza anione nimenyamaza tangu anijue.

Faila akafungua dosie. Kuna fasi ya kuandika hesabu ya mashahidi, alikuwa ameandika 2. Akaifuta. Akaandika 1. Mashini yenyewe ikageuza ule mustari rangi nyekundu, maana yake haitoshi.

Kisha akaanza kuandika kwa Madame, anasoma kwa sauti kama mwanafunzi: kwamba vile vibonge viwili vilipigwa na kashe moja, pengo ya duara inaonyesha, na kamustari labda ni kosa ya fundi, kwa hiyo anaomba muguu ibaki na numero yake ya zamani, na isipewe numero ingine.

Akaniuliza: «Niandike nani aliona?»

«Usiniandike.»

«Nitaandika: fundi mumoja wa kashe, Baraka.»

Akatuma.

Kisha akasema: «Toka, baba mukubwa. Si hasira. Toka tu.»

Nitawaambia mapema mwisho yake, juu najua mutauliza. Ile fasi hakuipata. Madame alimuandikia asante ndefu sana, na akaweka ule mwengine wa inchi ingine, mwenye alikuwa amesoma kumupita. Leo Faila anafundisha istwari Lweba. Tukikutana ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za magoti. Ile alama hatujaitaja tena.

Fundisho? Mi naona ni hii: ukisikia jambo mara mbili, usihesabu masikio yako. Uliza kwanza kama ni bantu wawili, ao ni mudomo mumoja umepita fasi mbili. Kwa mambo ya telefone ya siku hizi naona inafaa.

Na kuna ingine yenye inanisumbua, pale nataka munisaidie. Mutu mwenye alijifunza kujua uongo kwa kuufanya, iko na haki ya kuuonyesha kwa mwengine, na ule mwengine akapoteza mukate wake? Bibi yangu anasema ndiyo. Alunga anasema ningekula tu bugali. Ninyi semeni, ata kwa kunitukana, nitasoma zote.

Imebaki kadogo, kisha nimemaliza.

Siku ile Faila aliniambia toka, nilipotoka kwa ile mulango, kulikuwa mutu anaketi kwa kiti yangu, ananingojea. Koti muzuri, viatu safi, ameshika karatasi imekunjwa ine. Akaifungua mbele yangu. Katikati kulikuwa kashe ya biro moja, nyekundu, inaonekana vizuri.

«Papa Kashe, nataka kama hii. Sawasawa.»

Nikamusalimia. Nikamuuliza habari ya nyumbani, akasema nzuri. Wembe ilikuwa juu ya meza, na vipande vya kandambili, na kitambaa ya wino, vyote fasi yake.

Nikaviacha pale. Nikapita kati ya bamama ba lengalenga, nikashika njia ya nyumbani, na kwa ile meza sijarudi mpaka leo.